Kuonyesha filamu ya vijana waasi kwa Kiswahili: uzoefu wa kazi, kuanzia kibali hadi mjadala

Die fetten Jahre sind vorbei ni filamu ya Kijerumani ya mwaka 2004, kazi ya mwongozaji Hans Weingartner. Ukitaka kuwaonyesha vijana wanaozungumza Kiswahili filamu moja tu kuhusu uasi wa ujanani na siasa kali, chukua hii. Inachekesha, inauma, na haimwambii mtazamaji nani ana haki. Ila ni ngumu kuionyesha vizuri. Maneno ni mengi, matukio makubwa ya nusu ya kwanza yametokea usiku, na sehemu kubwa ya nusu ya pili ni watu wanne kwenye kibanda cha milimani wakibishana. Tunaoishughulikia kwa manukuu ya Kiswahili (maandishi ya tafsiri chini ya picha) katika kumbi ndogo tumejua inaharibikia wapi. Haya ni maelezo ya kazi yenyewe kwa mpangilio wake, ili anayetaka kuifanya asipoteze fedha zake na usiku wa watu.

Kisa kwanza, kwa sababu maamuzi yote ya baadaye yanatoka humo. Jan na Peter (Daniel Brühl na Stipe Erceg) wanaishi Berlin. Usiku huingia kwenye majumba ya matajiri ambao wamesafiri. Hawaibi kitu. Wanapanga samani upya, viti juu ya meza hadi karibu na dari, redio ndani ya friji, kisha wanaacha karatasi yenye maneno ambayo ndiyo jina la filamu: miaka ya neema imekwisha. Jule (Julia Jentsch), mpenzi wa Peter, anafanya kazi ya kuhudumu mgahawani na anabanwa na deni la euro 94,500, kwa sababu aligonga Mercedes ya tajiri mmoja, Hardenberg, na Jule hakuwa na bima. Peter akiwa safarini Barcelona, Jan na Jule wanapendana, wanaingia nyumbani kwa Hardenberg, wanavuruga vitu, sofa inaishia kwenye bwawa la kuogelea. Jule anasahau simu. Wanaporudi kuichukua, mwenye nyumba (Burghart Klaußner) anawakuta. Kwa hofu, pamoja na Peter ambaye amesharudi, wanamteka na kumpeleka kwenye kibanda cha mjomba wa Jule huko Tirol, Austria. Huko ndiko inapofichuka kwamba Hardenberg mwenyewe aliwahi kuwa mmoja wa viongozi wa wanafunzi waasi wa mwaka 1968.

Uzito wote uko hapo kibandani. Nusu ya kwanza itawashika vijana hata ukiionyesha vibaya, kwa kuwa kuna mapenzi, hatari na samani za kuchekesha. Kibandani hakuna cha kumshika mtazamaji isipokuwa maneno na nyuso. Manukuu yakichelewa au sauti ikiwa hafifu, utasikia viti vinasogezwa na simu zinawaka ukumbini. Kila shilingi na kila saa ya maandalizi ilenge kuilinda sehemu hiyo.

Kibali kinatangulia. Nakala uliyonunua au unayoitazama kwa malipo ya mwezi ni ya matumizi ya nyumbani. Kuionyesha ukumbini kunahitaji ruhusa ya mwenye haki za filamu, hata kama hakuna kiingilio. Barua ya kuomba ruhusa iwe na mambo haya yote kwa mara moja: tarehe, ukumbi na idadi ya viti, kama kuna kiingilio au hakuna, mara ngapi itaonyeshwa, nakala itakuwa ya aina gani, na kwamba mnataka kuweka manukuu ya Kiswahili. Ukiacha moja, utajibiwa kwa swali, na kila swali hula siku kadhaa. Kwa filamu za Kijerumani, Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, ina ofisi Dar es Salaam na Nairobi na huwa na filamu za kuonyeshwa bila biashara. Uliza hapo kabla ya kuandika Ulaya. Ada ya haki hutegemea idadi ya viti na kiingilio, kwa hiyo taja ukumbi mnaoweza kuujaza kweli. Watu wengi huandika viti 300 kwa matumaini, wakalipia viti 300, wakaja watu 70.

Halafu kuna serikali. Tanzania, filamu inayoonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, inayofahamika kwa kifupi kama KFCB. Kwenye maelezo yenu andikeni wazi kwamba kuna bangi, kuna mapenzi, kuna mtu anatekwa. Kuficha hakusaidii. Atakayeudhika ukumbini ataondoka na kulalamika, na walioficha ndio watakaoulizwa. Kisha wekeni umri wa kuingia kwenye tangazo lenyewe, kwa herufi zinazosomeka, na mlangoni awepo mtu wa kuusimamia.

Sasa manukuu, ambayo ndiyo kazi kubwa.

Njia ya vibanda umiza, ya mtafsiri kusema juu ya picha, ina heshima yake. Mtafsiri Lufufu na wenzake waliwafanya watu wa Dar es Salaam wazipende filamu ambazo wasingezielewa kabisa. Inafaa sana kwa filamu ya ngumi na mbio. Kwa hii haifai, maana pale kibandani ukimya baada ya jibu una kazi sawa na jibu lenyewe, na Klaußner anaigiza kwa sauti ya chini. Sauti ya mtafsiri ikipita juu yake, humwoni tena yule mzee anavyopima maneno. Weka maandishi, uache sauti za waigizaji zisikike.

Vipimo tunavyofuata: mistari isizidi 2 kwa wakati, kila mstari usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, maandishi yakae angalau sekunde 1 na yasizidi 6 au 7. Kasi ya kusoma ndiyo inayowashinda wengi. Watafsiri wa kulipwa hufika herufi 17 kwa sekunde, lakini ukumbi wa watu wasiozoea kusoma filamu kwa Kiswahili utachoka mapema. Lenga 12 hadi 14. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo maneno yetu ni machache lakini marefu, na jicho halirukii neno refu kama linavyoruka vineno vifupi. Dawa yake ni kukata maana ya ziada. Mtu akisema jambo lile lile mara mbili kwa hasira, andika mara moja; hasira itasikika. Usikate mstari katikati ya kitenzi na yambwa yake, wala kati ya jina na kivumishi.

Filamu hii ina zaidi ya saa 2 na watu wake hawanyamazi. Tarajia manukuu yanayokaribia 1,500. Mtafsiri anayeanza, saa moja ya kazi humpa dakika 4 au 5 za filamu, yaani saa zipatazo 30 kabla ya kusahihisha. Mgawane watu wawili, lakini mmoja apitie yote mwishoni, la sivyo Jan wa nusu ya kwanza hatafanana na Jan wa nusu ya pili. Programu ya Subtitle Edit ni ya bure na inatosha.

Lugha ya siasa ina mtego wake hapa. Kiswahili kina msamiati kamili wa mambo haya tangu Azimio la Arusha la 1967: ubepari, unyonyaji, mabwanyenye, tabaka la wafanyakazi. Mtafsiri akifika kwenye hoja za Jan, mkono unakimbilia maneno hayo. Matokeo yake kijana wa Berlin wa mwaka 2004 anazungumza kama hotuba ya redio ya zamani, na watu wanacheka pasipotakiwa kuchekwa. Mpe Jan maneno mepesi ya leo: wanatunyonya, wamejilimbikizia, tunafanyishwa kazi. Yale mazito mhifadhie Hardenberg, anapokumbuka ujana wake. Hapo yanafanya kazi ya ajabu, kwa sababu mtazamaji anasikia sauti ya kizazi kingine bila kuelezwa. Lugha ya mitaani nayo itumie kwa kiasi. Ya Kariakoo haieleweki Eastleigh, na ya mwaka huu itachakaa kabla ya mwaka kesho.

Karatasi za ukutani lazima zitafsiriwe pia, na ziandikwe kwa herufi kubwa ili zitofautiane na mazungumzo. Ile ya miaka ya neema inatokana na ndoto ya mfalme iliyofasiriwa na Yusufu, ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Wakristo na Waislamu ukumbini wote wanaijua hadithi hiyo, basi itafsiri kwa namna itakayoikumbusha, bila maelezo.

Mambo mawili ya kiufundi huharibu manukuu mazuri. La kwanza ni kasi ya picha. Kuna nakala zinazokwenda kwa picha 25 kwa sekunde na nyingine 24 au pungufu kidogo. Manukuu yaliyotengenezwa kwa moja yakiwekwa kwenye nyingine huanza sawa, kisha yanaachana: kufikia dakika ya 10 yamepishana sekunde kama 25, na mwishoni ni dakika 5. Kuyasogeza kwa mkono hakutasaidia, kwani yanaendelea kuachana. Badilisha kasi ya faili zima ndani ya programu. Kama tofauti ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, hilo ni tatizo jingine na jepesi. Kwenye kichezeshi cha VLC, kitufe cha G kinawahisha manukuu na H kinayachelewesha. La pili ni jina la faili. Faili la manukuu liwe na jina sawa kabisa na la video, kwenye folda moja, na lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, vinginevyo herufi za majina ya Kijerumani, kama lile la Klaußner, zinageuka vijisanduku.

Tazameni filamu nzima na manukuu yake mbele ya watu watatu au wanne ambao hawajui Kijerumani. Msiwaulize kama wameelewa. Tazameni nyuso zao wakati wa utani. Pale ambapo Mjerumani angecheka na wao wametulia, manukuu yamechelewa au yamewahi, na mara nyingi yamewahi: mtu amesoma jibu kabla mwigizaji hajalisema, utani umekufa. Kwa utani, yagawe manukuu katikati hata kama vipimo vinaruhusu kuyaunganisha.

Ukumbi. Filamu ilipigwa kwa kamera ndogo za dijitali za kushika mkononi, na taa za kuongeza ni chache. Ndiyo maana waigizaji wanaonekana huru hivyo, wanazunguka chumba watakavyo na kamera inawafuata. Gharama yake ni picha yenye giza na chembechembe. Kwenye ukumbi wenye madirisha ya vioo vya kupangwa, mchana, hutaona kitu katika nyumba ya Hardenberg zaidi ya vivuli. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha pazia la upana wa mita 3 kukiwa na giza la kweli. Kukiwa na mwanga hata ya 5,000 haikuokoi. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa pazia, hivyo kwa mita 3 iweke mita 4 na nusu. Ukingo wa chini wa pazia uwe mita 1.2 au zaidi kutoka sakafuni, maana manukuu yako chini na vichwa vya walio mbele vitayala. Kosa hili ni la kawaida kuliko mengine yote, na tiba yake ni kupandisha pazia au kuacha njia katikati ya viti.

Sauti ina ugonjwa mmoja unaojirudia. Nakala nzuri huwa na sauti ya njia sita, ambamo mazungumzo yamewekwa kwenye spika ya katikati. Ukiunganisha kompyuta na spika mbili za ukumbini, muziki unanguruma na watu wananong'ona. Wengi huongeza sauti, na muziki unapasua masikio. Ingia kwenye mipangilio ya kichezeshi uchague sauti ya njia mbili, mazungumzo yatarudi. Jaribu kwa tukio la kibandani, si kwa tukio la mwanzo.

Jenereta ya kVA 2 inabeba projekta, kompyuta na spika za kiasi bila taabu, na lita 5 za petroli zinatosha jioni nzima pamoja na akiba. Iweke mita 20 au zaidi kutoka ukumbini, upande ambao upepo hauleti moshi, kwa waya mnene wa milimita za mraba 2.5. Projekta yenye taa ya balbu iwe kwenye betri ya dharura. Umeme ukikatika ghafla feni inasimama balbu ikiwa ya moto, na balbu ni sehemu ya bei.

Saa ya kuanza inahitaji hesabu. Ukianza alasiri unapambana na mwanga, na unamaliza Magharibi ikigonga mlango, mjadala unakosa nafasi. Ukisubiri mpaka baada ya Isha unamaliza baada ya saa 4 usiku, daladala na matatu zimepungua, na wasichana ndio wa kwanza kuondoka kabla ya mjadala. Saa 1 kamili usiku ndiyo iliyotufaa: Magharibi imeshaswaliwa, filamu inaisha saa 3 na dakika chache, mjadala unafungwa saa 4 kasorobo. Usiweke mapumziko. Kama mwenye ukumbi analazimisha kwa ajili ya kuuza soda, yawekwe pale gari linapoondoka Berlin na Hardenberg ndani, kamwe yasiwe baada ya kufika kibandani.

Kabla ya kuzima taa, sema jambo moja: kwamba ndani ya filamu mtu anatekwa, na baadhi ya matukio hayo yanachekesha. Sema kwa heshima. Kenya, tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Muswada wa Fedha, taarifa za vijana kutekwa zimekuwa nyingi, na Tanzania nako zimesikika. Anaweza kukaa ukumbini mtu ambaye ndugu yake hajarudi. Kicheko cha wenzake kitamkata bila wao kujua. Akijulishwa mapema ana uhuru wa kukaa au kutoka, na ukumbi nao unatazama kwa makini zaidi.

Mjadala ndio uliotufundisha mengi. Ukiuanza kwa swali la itikadi, watatu waliosoma vitabu watazungumza na wengine watatazama simu. Anza na deni la Jule. Ni haki alipe? Aligonga gari, hakuwa na bima, sheria iko wazi. Lakini mwenye gari hata halihisi pengo lake na yeye ameuza ujana wake wote kulilipa. Kila mtu ukumbini ana deni la kulinganisha nalo: mikopo ya kwenye simu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambao Tanzania aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, marejesho ya kikundi. Vijana wasiozungumza kamwe kwenye mikutano huzungumza hapa, na hawakubaliani. Wapo wanaomtetea Hardenberg kwa nguvu, na wapewe nafasi yao kamili.

Swali la pili liwe kuhusu yeye. Anasimulia jinsi alivyobadilika: kidogo kidogo, familia, gari linaloaminika, usalama wa watoto, hadi siku moja akajikuta kwenye chumba cha kupigia kura anaweka alama kwa wahafidhina. Hapa msimamizi awe na historia kidogo mfukoni, ya kutumia ikiulizwa tu. Chama chake cha wanafunzi, SDS, kilikuwa cha kweli. Chama cha Demokrasia ya Kijamii cha Ujerumani, SPD, kilikitenga mwaka 1961, na kikavunjika 1970. Benno Ohnesorg aliuawa kwa risasi ya polisi Berlin tarehe 2 Juni 1967 wakati wa maandamano dhidi ya ziara ya Shah wa Iran. Rudi Dutschke, ambaye Hardenberg anadai walikuwa marafiki, alipigwa risasi Aprili 1968 na akafa Desemba 1979 kwa athari za majeraha hayo.

Na karibu kila mara anatokea mzee au mwanafunzi wa historia anayeuliza kuhusu kwetu. Jibu lipo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwaka uliofuata wenzao wa mrengo wa kushoto wakaunda chama cha wanafunzi, USARF, chuoni Mlimani, kisha wakatoa jarida la Cheche. Vyote viwili vikafungwa mwaka 1970. Mwenyekiti wa USARF alikuwa Yoweri Museveni, rais wa Uganda tangu 1986. Ukitaja hilo ukumbi unapata cha kubishania hadi mlinzi aje na funguo. Msimamizi asitoe hukumu. Kazi yake ni dakika 2 kwa kila msemaji, kipaza sauti kimoja, na wazee wasianze wao, maana wakianza mjadala unageuka mhadhara wa zama zao.

Hakuna kurekodi mjadala. Tangaza hivyo, na nyinyi waandaaji muwe wa kwanza kuweka simu chini. Kijana anayejua kwamba maneno yake yanaweza kuonekana kesho kwenye simu ya mwajiri au ya mkuu wa chuo, atasema yale tu ambayo yameshasemwa.

Mtu atauliza kuhusu mwisho: nani alimwita polisi, Hardenberg alikusudia nini, ile karatasi inayosema baadhi ya watu hawabadiliki kamwe inamhusu nani. Waacheni wabishane. Filamu imewaonyesha vijana watatu wamelala kitanda kimoja Barcelona na nyumba ya Berlin tupu. Zaidi ya hapo kila mmoja ana ushahidi wake, na anayedai ana jibu la uhakika amekosa kuangalia uso wa Klaußner ndani ya gari la polisi.

Ndani ya wiki moja mpelekee mwenye haki idadi halisi ya waliohudhuria, pamoja na risiti ya benki. Faili la video lifutwe kama mkataba unavyosema. Faili la manukuu ni suala la kumaliza tangu kwenye barua ya kwanza: andikeni kwamba tafsiri ya Kiswahili itabaki kwenu na mtaweza kuwapa wengine watakaopata kibali chao. Bila sentensi hiyo, saa zenu 30 zinakuwa za jioni moja, na kikundi cha Mwanza au Mombasa kitaanza tena kutoka mstari wa kwanza.